Mkono Hauna Spea: Tuvitunze Vigasha Vyetu



Mkanda wa mashine ukikatika kiwandani, fundi huitwa, mkanda mpya hutolewa stoo, na kazi huendelea. Mkono wa mchumaji ukigoma kufumba, hakuna stoo ya kuutolea mwingine. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona yafaa tuzungumze juu ya mkono: kwa nini kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, humuuma mfanyakazi, namna ya kuyatuliza maumivu hayo, namna ya kuijenga upya nguvu ya kushika, na mambo ambayo hayatibiwi kwa mazoezi bali kwa kukaa mezani na mwajiri.

Sisi tunaoandika ni wachumaji wa chai wa magharibi mwa Uganda, na baadhi yetu sasa tumo katika chumba cha kupakia kiwandani. Katika mstari mmoja wa chai utamkuta Mtoro, Mkiga, Mlugbara na aliyevuka mpaka kutoka Kongo. Ndiyo sababu twaandika kwa Kiswahili. Lugha zetu za nyumbani ni mbalimbali, lakini jioni penye mizani wote tunasugua mahali pale pale.

MWENZETU WA MSTARI WA PILI

Tulikuwa na mwenzetu, mama wa watoto wanne, mwepesi wa mikono kuliko wengi wetu. Msimu wa mvua, majani yalipofurika, alianza kusema kwamba upande wa nje wa kiwiko unamchoma. Tulicheka, tukamwambia ni uchovu tu, utaisha kwa usingizi. Hata yeye aliamini hivyo. Baada ya wiki chache hakuweza kuinua birika kwa mkono wa kulia. Kilo zake zikapungua kwenye mizani, na kwa kuwa twalipwa kwa kilo, mshahara nao ukapungua. Akawa anameza vidonge vya maumivu asubuhi ili afike jioni. Hakumwambia nyapara kwa kuogopa kuhesabiwa mvivu. Wala hakumwambia mjumbe wa tawi, maana hakudhani kwamba mkono unaouma ni shauri la chama.

Siku moja nyumbani sufuria ya uji wa moto ikamponyoka. Mtoto wake mdogo alikuwa hatua mbili kutoka pale. Uji haukumfikia. Lakini ndipo mama yule alipokwenda zahanati, na ndipo sisi tulipoacha kucheka.

Lililotuuma zaidi ni kwamba ugonjwa wake ulikuwa na jina, ulikuwa na sababu, na ungeweza kushughulikiwa tangu wiki ya kwanza.

NGUVU YA VIDOLE HAIKO KATIKA VIDOLE

Ndugu msomaji, weka kiganja cha kushoto juu ya kigasha chako cha kulia, kisha fumba na kufumbua ngumi ya kulia. Utasikia misuli inacheza chini ya kiganja. Misuli mingi inayokunja na kunyoosha vidole imo katika kigasha, haimo mkononi. Huvivuta vidole kwa kano, yaani kamba ngumu nyeupe zinazopita kwenye kifundo. Mtoto aliyewahi kuchezea mguu wa kuku aliyechinjwa anajua jambo hili: akivuta ile kamba nyeupe, vidole vya kuku hufumba.

Misuli hiyo ina makundi mawili. Kundi la upande wa ndani hufumba vidole. Kundi la upande wa nje huvifumbua na kuinua kifundo. Wengi hudhani kwamba anayeshika panga hutumia kundi la ndani peke yake. Sivyo. Kila ukishika kitu kwa nguvu, kundi la nje nalo hukaza ili kifundo kisilegee. Kwa hiyo upande wa nje haupumziki: ukifumba unafanya kazi, ukifumbua unafanya kazi. Ndiyo maana maumivu hujitokeza sana upande wa nje wa kiwiko, pale kano za kundi hilo zinapojishika kwenye mfupa. Madaktari huyaita maumivu hayo kiwiko cha mcheza tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi.

Fanya jaribio jingine. Kunja kifundo kuelekea ndani kabisa, kisha jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Vidole vinakataa. Sasa inua kifundo kidogo kuelekea nyuma, ufumbe tena. Ngumi inakaza. Somo ni hili: kifundo kilichonyooka, au kilichoinuka kidogo, hufanya kazi ile ile kwa nguvu ndogo. Anayechuma au kukata huku kifundo kimekunjika hulipa gharama mara mbili kwa kila jani.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alipofika kwa makarani alieleza kwamba huteswa na kukaa muda mrefu, na kuusogeza mkono bila kukoma katika mwendo ule ule, na wasiwasi wa kuogopa kukosea. Kama kalamu ya unyoya ilimlemaza karani, nani atashangaa panga likimlemaza mkata miwa?

YANAYOUDHURU MKONO

Mambo matano ndiyo makubwa. La kwanza ni mwendo ule ule unaorudiwa kutwa bila kupumzika. La pili ni kushika kwa nguvu nyingi. La tatu ni kifundo kilichokunjika au kilichopinda upande. La nne ni mtetemo, kama ule wa mashine ya kuchumia au ya kukatia nyasi. La tano ni baridi, maana vidole vilivyokufa ganzi kwa umande wa alfajiri hulazimika kushika kwa nguvu zaidi. Kila moja peke yake laweza kuvumilika. Mawili au matatu yakikutana katika kazi moja, hatari huongezeka sana. Mchumaji wa chai nyanda za juu huyapata mengi kati ya hayo kabla ya saa tatu asubuhi.

Tena tusisahau kazi ya nyumbani. Dada zetu wakitoka shambani huchota maji, humenya matoke na kukamua nguo. Kukamua nguo ni mojawapo ya kazi zinazoumiza sana kiwiko kibovu. Ndugu mwanamume, kama mkeo anachuma chai kutwa, wewe kamua blanketi. Huo nao ni umoja wa wafanyakazi.

HATUA YA KWANZA: KUTULIZA

Mkono ukianza kuuma, usiufunge ukauacha usifanye lolote kwa wiki nyingi, wala usiulazimishe kama kwamba hakuna kitu. Njia iko katikati: punguza kile kinachouma, lakini endelea kuutumia mkono kwa mambo mepesi. Fanya hivi:

1. Kwa siku chache za mwanzo, jioni, weka kitambaa kilicholowa maji baridi mahali panapouma kwa dakika 10 hadi 15. Ikiwa mkono ni mkavu na mgumu tu, hasa asubuhi, maji ya vuguvugu hufaa zaidi. Asubuhi za baridi, fumba na kufumbua ngumi mara 20 na kuzungusha vifundo kabla ya kugusa jani la kwanza.

2. Nyoosha mkono mbele, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama chini. Kwa mkono wa pili vuta kiganja kuelekea chini taratibu mpaka usikie mvuto juu ya kigasha. Shikilia kwa hesabu ya 20. Rudia mara 3. Kisha geuza kiganja kitazame juu, uvute vidole kuelekea chini, ili kunyoosha upande wa ndani. Mvuto ni sawa. Maumivu makali si sawa.

3. Pumzisha mkono kidogo kidogo, mara nyingi. Nusu dakika ya kulegeza vidole kila baada ya muda mfupi humsaidia mchumaji kuliko pumziko moja refu baada ya mkono kuchoka kabisa.

4. Badilisha namna ya kuinua. Ukiinua kitu kiganja kikitazama chini, upande wa nje wa kiwiko hubeba mzigo. Geuza kiganja kitazame juu, lete mzigo karibu na kifua, tumia mikono yote miwili.

Vidonge vya maumivu vina nafasi yake kwa siku chache, kwa ushauri wa mganga, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Lakini kidonge kinachomezwa ili mtu amalize zamu hunyamazisha kengele tu. Kadhalika sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye kiwiko: aghalabu hutoa nafuu katika wiki za kwanza, lakini imeonekana kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa hawakuwa na hali bora kuliko wasiochomwa, na wengi wao maumivu yaliwarudia.

HATUA YA PILI: KUIJENGA NGUVU YA KUSHIKA

Hapa wenzetu wengi huuliza: sisi twashika kutwa nzima, tunahitaji mazoezi ya nini? Jibu ni kwamba kazi ya shamba ni nyepesi isiyokwisha, nayo huchosha. Mazoezi ya kujenga ni mazito kidogo, machache, na yana pumziko baada yake. Kano huimarika likipewa mzigo unaopimwa, kisha likapewa muda. Tena kano hujengeka polepole kuliko msuli, kwa hiyo haraka hapa haina baraka.

Hakuna kifaa cha kununua. Anza na la kwanza peke yake. Likiwa rahisi, ongeza linalofuata.

La kwanza: kukaza bila kusogeza. Laza kigasha mezani, kiganja chini. Jaribu kuinua kiganja huku mkono wa pili ukikizuia kisisogee. Kaza kwa hesabu ya 30, legeza, rudia mara 4. Hili lafaa hata mkono ungali unauma.

La pili: kushusha chupa. Laza kigasha mezani, kiganja kikining'inia nje ya ukingo na kutazama chini, ukishika chupa ya nusu lita yenye maji. Inua chupa kwa msaada wa mkono wa pili. Kisha ishushe kwa mkono mgonjwa peke yake, polepole, kwa hesabu ya 4. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka mafungu 3. Ikiwa nusu lita ni nzito, mimina maji hadi ifae. Katika mazoezi yote haya, hili ndilo tunalolithamini kuliko yote kwa kiwiko kinachouma upande wa nje.

La tatu: kufumbua vidole. Kata pete nyembamba ya mpira wa ndani wa baiskeli, izungushe vidole vyote vitano karibu na kucha, kisha vitanue mara 15. Tunafumba ngumi siku zote. Kundi la kufumbua husahauliwa.

La nne: kuminya kitambaa. Kunja kitambaa kilicholowa kiwe kama mpira, kiminye kwa kiganja kizima, shikilia kwa hesabu ya 5, achia. Mara 10 kila mkono. Kiminye, usikisokote.

La tano: kugeuza mwiko. Kaa, laza kigasha juu ya paja, shika mwiko wa ugali au nyundo ndogo mwishoni mwa mpini. Geuza kiganja kitazame juu, kisha kitazame chini, taratibu, mara 10. Kadiri unavyoshika mbali na kichwa cha nyundo, ndivyo uzito unavyozidi.

La mwisho: kubeba jerikeni. Hili ni la mkono uliokwisha kupata nafuu. Chukua jerikeni mbili za lita 5 zilizojaa, moja kila mkono, tembea hatua 30 mgongo ukiwa wima na vifundo vimenyooka. Tua, pumzika, rudia mara 3. Ongeza uzito baada ya wiki mbili, si baada ya siku mbili.

Fanya mazoezi haya siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati, wala usiyafanye kabla ya zamu. Kipimo chake ni asubuhi ya pili. Maumivu madogo yaliyokwisha kufikia asubuhi si neno. Mkono ukiamka na maumivu zaidi kuliko jana, punguza mzigo kwa nusu. Wengi hawaoni tofauti kabla ya wiki 6, na nguvu ya kweli huchukua miezi 3 au zaidi. Mwenzetu wa mstari wa pili alianza kwa chupa ambayo haikujaa hata robo. Alichukua muda wa msimu mzima, na hata leo akizidisha kazi mkono humkumbusha. Lakini sufuria anaishika.

USINGOJE: NENDA ZAHANATI

Yako maumivu yasiyo ya mazoezi. Ukiamka usiku na ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, au nyama ya chini ya kidole gumba inapungua na vitu vinakuponyoka, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Ukiachwa muda mrefu, nguvu yaweza isirudi. Wajawazito hupatwa na hali hiyo zaidi. Maumivu makali upande wa kidole gumba yanayozidi ukikunja kifundo kuelekea kidole cha mwisho ni kano za kidole hicho zilizovimba. Mkono mwekundu, wa moto, wenye homa, una maambukizo. Kigasha kilichogongwa au kubanwa na mashine kikavimba, kikawa kigumu na kuuma kupita kiasi, ni jambo la hospitali saa ile ile. Na maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua si ya mkono. Ni ya moyo mpaka mganga aseme vinginevyo.

CHOMBO NACHO KINA MAKOSA YAKE

Kabla ya kuulaumu mkono, tazama chombo. Panga butu hudai nguvu nyingi. Tupa ya kunolea ni dawa ya kigasha. Mpini ulio mwembamba mno au mnene mno huchosha. Kwa kazi ya nguvu, mpini unaofaa wengi una unene wa sentimita 3 hadi 4, na kipimo rahisi ni kwamba ukiushika, kidole gumba na cha shahada vikutane na kupandana kidogo. Mpini unaoteleza uvikwe mpira wa baiskeli. Glavu kubwa kuliko mkono hukulazimisha kushika kwa nguvu zaidi. Makasi ya kuchumia yasiyotiwa mafuta hugeuza kazi ya mtu mmoja kuwa ya wawili. Na kiwandani, meza iliyo juu mno au chini mno humfanya mpakiaji akunje vifundo kutwa nzima.

HII NI KAZI YA CHAMA

Sasa tuseme lililo kubwa. Mtu aweza kufanya mazoezi yote haya kwa uaminifu, lakini kiwango cha kilo kikipandishwa, panga likiwa butu, na pumziko likifutwa, mkono utarudi ulikotoka. Hatujengi nguvu ili nyapara apate nafasi ya kuongeza mzigo. Twaijenga ili tufanye kazi, turudi nyumbani, na tuweze kumbeba mtoto.

Sheria haiko kimya. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, na inayotambua wawakilishi na kamati za usalama kazini. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, inayohusu kuumia kazini na magonjwa yanayotokana na kazi. Na Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, limetaja waziwazi kuvimba kwa kano za kifundo, maumivu ya kiwiko yatokanayo na kazi ya nguvu inayorudiwa, na kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba huo ni uvivu.

Chombo kibaya chaweza kuondolewa. Katika jimbo la California, Marekani, wafanyakazi wa mashamba walilazimishwa kwa miaka mingi kulima kwa jembe la mpini mfupi lililowaharibu migongo. Walipeleka malalamiko yao mbele ya sheria wakiwa na ushahidi wa madaktari, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Pale kilichoumia ni mgongo, lakini somo ni lile lile: mpini wa jembe ni jambo la kujadiliwa, kama mshahara.

Basi tunapendekeza kila tawi lifanye mambo manne. Kwanza, mwenye maumivu aripoti mapema, na ripoti iandikwe: siku, kazi aliyokuwa akifanya, mahali panapouma, nakala moja abaki nayo. Pili, mjumbe aweke daftari. Mikono 10 inayouma katika mstari mmoja si bahati mbaya ya watu 10. Ni kosa la kazi. Tatu, katika mkataba wa pamoja tudai tupa na vyombo vizuri, mapumziko mafupi, kubadilishana kazi, na kiwango kidogo kwa mgeni na kwa aliyetoka likizo au ugonjwa mpaka mkono wake uzoee tena. Nne, anayeugua apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara mpaka apone.

Na sisi tulio mstarini tunalo la kwetu. Mwenzako akisema kiwiko kinamchoma, usicheke. Mpe zamu ya kupumzika, mwonyeshe zoezi la chupa, kisha mpeleke kwa mjumbe jioni ile ile. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haujengi chama.

Umoja ni nguvu.